Kiti cha Binti Yangu, Nambari 0417

Nimefaulu mtihani wa chuo kikuu, na binti yangu amefeli. Mtihani ulikuwa wake.

Hilo ndilo tatizo lenyewe, sina namna ya kulipamba. Niliacha shule darasa la sita, nina miaka arobaini na tisa, ni seremala wa chuo, na nimepata alama sitini na mbili katika somo la Mawasiliano Kazini. Mwenye somo lake kapata thelathini na nne.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakurudisha haraka. Asubuhi ya mtihani niliingia ukumbini mapema nikakuta kiti nambari 0417 kinayumba. Chuo hubandika nambari ya kila mwanafunzi kwenye kiti atakachokalia, na hiyo ilikuwa nambari ya binti yangu. Mguu wa nyuma ulikuwa umeachia. Vibano vyangu vyote vilikuwa vimeshika meza za maktaba. Nikafanya kama tunavyofanya maseremala tukikosa vibano: nikapaka gundi, nikagonga, nikakikalia.

Nina kilo tisini na nane. Nusu saa ya makalio yangu inashinda kibano chochote cha dukani.

Dakika ya kumi milango ikafunguliwa, wakaingia wanafunzi mia tatu. Msimamizi, mgeni wa muhula ule, akapaza sauti: "Hakuna kusimama! Hakuna kugeuza shingo! Atakayegeuka namtoa nje!" Chuo chetu kina wanafunzi wa umri wangu, wale wa kujiendeleza, kwa hiyo hakunishangaa. Karatasi ya maswali ikatua mbele yangu.

Ningesimama, mguu ungeachia tena mbele ya watu mia tatu. Nikajiambia, mtoto akifika nitampisha polepole. Mtoto hakufika. Ikaja orodha ya mahudhurio, nami naijua sheria ya chuo: jina lisilo na saini, mwaka unarudiwa.

Nikatia saini. Hapo ndipo kosa lilipoacha kuwa la gundi likawa langu.

Kisha nikaona aibu kukaa saa tatu na penseli mkononi bila kufanya kitu. Nikaanza kujibu.

Tuliachana hapo. Sasa endelea kunicheka.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Nilikuwa nyumbani navua viatu, mke wangu anapiga pasi, binti akaingia na bahasha. Hakusalimia. Alisimama mlangoni kama mtu wa kodi.

"Baba, siku ya mtihani ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Ukumbini."

"Ukumbini umekaa wapi?"

Mtoto akikuuliza maswali mafupi namna hiyo, ujue jibu analo mkononi.

"Nilikuwa nabana kiti," nikasema.

"Kwa saa tatu?"

"Gundi ilikuwa mbichi."

"Baba!" Akatupa mkoba chini. "Nilikuona! Nimeingia na wenzangu wote, nakukuta umejaa kwenye kiti changu, penseli sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Ningesema nini? Samahanini jamani, huyu ni baba yangu, anakausha kiti?"

"Ungesema hivyo hivyo. Ndicho nilichokuwa nafanya."

"Nikaenda nyuma kabisa, nikakaa kwenye kiti cha akiba, kule kwenye nguzo."

Nikabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwepo!"

"Na mtihani ukafanya."

"Nikafanya! Tena kwa kalamu ya kuazima, maana kikebe changu cha kalamu nilikisahau hapa."

"Mama yako alikukimbilia nacho," nikasema. "Nilimwona kupitia dirisha la ukumbi, yuko getini anahema."

"Sikumwona."

"Nilikukosa kwenye umati," mke wangu akasema, akageuza shati upande wa pili.

Nikarudi kwenye jambo lenyewe. "Juu ya kijitabu chako cha majibu uliandika nambari gani?"

"Yangu, baba! Niandike ya nani? Wewe uliandika gani?"

Niliandika iliyokuwa kwenye kiti.

Akaitoa barua kwenye bahasha. Ofisi ya mitihani ilikuwa imekuta vijitabu viwili vya 0417, miandiko miwili, siku moja, saa moja, ukumbi mmoja. Binti anatakiwa mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu saa tatu asubuhi. Ikithibitika kuwa aliweka mamluki amfanyie mtihani, anafukuzwa. Si kurudia mwaka. Kufukuzwa.

Nikaivuta barua, nikaisoma tena, kiatu bado mkononi.

"Wewe umepata ngapi?" mke wangu akamuuliza.

"Thelathini na nne."

"Na baba yako?"

"Sitini na mbili."

Mke wangu alimaliza sekondari, jambo ambalo hunikumbusha kila barua ikiingia nyumbani. Akanitazama kuanzia kiatu nilichovaa hadi kiatu nilichoshika.

"Sitini na mbili," akasema. "Lile swali la mteja mwenye hasira ulilijibuje?"

"Nilijibu nilivyojua."

"Hm," akasema, akaendelea na kola.

Sikuuliza alilijulia wapi swali hilo. Nilidhani mtoto kamwambia. Mtu ukiwa na kosa lako kubwa hivyo, huna macho ya kuangalia ya wengine.

Binti akakaa kitako, sauti ikashuka. "Na nikisema ile ya sitini na mbili ndiyo yangu?"

"Sema! Mwanangu, sema hivyo hivyo, yaishe."

"Wamenionyesha ofisini, baba. Ukurasa wa kwanza umeandika, 'Mimi nikiwa mume wa mtu kwa miaka ishirini na miwili.'"

"Nilikuwa natoa mfano."

"Ukurasa wa tatu umechora kiti."

"Nafasi ilibaki."

Jumatatu saa mbili na nusu nikaletewa agizo karakana: peleka kiti nambari 0417 chumba cha kamati, kinahitajika kama ushahidi. Hawakujua wanamwagiza nani. Nikakibeba begani, nikapanda nacho ngazi tatu, na kila ngazi nikikiomba kisiachie mguu.

Chumbani kulikuwa na meza ndefu niliyoitengeneza mwenyewe mwaka juzi. Mwenyekiti wa kamati alikaa katikati. Kulia kwake alikaa mwalimu wa somo, mama mmoja mwembamba ambaye wanafunzi humwita Bi Nukta, kwa sababu ukisahau nukta mwisho wa sentensi anakukata alama. Binti yangu alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Weka hapo, Fundi Gundi," mwenyekiti akaniambia. Ndilo jina langu chuoni. "Subiri hapo ukutani, utakirudisha."

Nikasubiri ukutani.

Bi Nukta akainua vijitabu viwili, kimoja kila mkono. "Mwenyekiti, sihitaji mtaalamu wa miandiko. Sikiliza hiki." Akafungua cha kushoto. "'Mawasiliano ni mchakato ambao kwao watu huwasiliana kwa njia ya mawasiliano.' Kisha kurasa nne za hivyo hivyo. Alama thelathini na nne, na nilikuwa nimeamka vizuri."

Masikio ya binti yangu yakawa mekundu. Ni masikio yangu yale, nayajua.

"Sasa hiki." Akafungua cha kulia, na sauti yake ikabadilika. "Swali la tatu, hatua tano za kumtuliza mteja mwenye hasira. 'Moja, mpe kiti. Mbili, hakikisha kiti hicho hukukitengeneza wewe. Tatu, mwache aseme mpaka aanze kurudia maneno; akirudia, ujue hasira zimemwishia. Nne, mkubalie nusu. Tano, mtajie siku ya kuja kuchukua kitu chake, na siku hiyo uwepo.'"

Akakishusha kijitabu. "Nafundisha somo hili mwaka wa kumi na moja. Hiyo ya tatu haimo kwenye kitabu chochote. Na tazama alivyoivaa nafsi ya fundi wa makamo! Mume wa mtu, mgongo unauma, anaandika kama mtu anayepiga misumari. Kwa binti wa miaka ishirini, hicho ni kipaji."

Niliupenda ukuta ule. Nilitamani uniingize ndani.

"Nukta je?" mwenyekiti akauliza.

"Kasahau nukta kumi na tisa. Ndiyo maana sitini na mbili."

Mwenyekiti akamgeukia binti yangu, akacheka kidogo, cheko la mzazi. "Mwanangu, usiogope. Mwanafunzi ni huyu aliyeandika vizuri. Huyu wa thelathini na nne ndiye mamluki, sijui nani kamwingiza, labda mtu alitaka kukuharibia."

"Hata shule sidhani kama alipita," Bi Nukta akaongeza.

"Wewe sema tu kwamba hiki kizuri ndicho chako. Tunakifuta hiki kibovu, unarudi darasani sasa hivi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu. Nilimtumia binti yangu ujumbe kwa macho, kwa nyusi, kwa bega. Nilitikisa kichwa kwa kukubali mpaka penseli ikadondoka sikioni.

Binti yangu akaitazama penseli ikibingirika. Akakitazama kiti. Akanitazama mimi.

"Hicho kibovu ndicho changu," akasema.

"Unasemaje?"

"Cha thelathini na nne. Ni changu. Nilisoma wiki mbili kwa ajili ya hizo thelathini na nne, na shule nimepita, Mwalimu, nimepita zote!"

Nilijua namna moja tu ya kumwokoa, nayo haikuwa nzuri.

"Na hicho kingine ni changu," nikasema.

Walicheka. Wote. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. "Fundi Gundi, chonde, tuko kwenye kikao. Kama una haraka kiache kiti uende."

"Nilikuwa nabana kiti. Vibano vilikuwa maktaba. Msimamizi akasema tusisimame."

"Fundi."

"Hatua ya sita sikuiandika kwa sababu muda uliisha. Hatua ya sita, akitulia usimwambie kwamba alikuwa amekosea."

Bi Nukta aliacha kucheka. Akanisukumia karatasi na kalamu mezani. "Andika hiyo."

Niliandika. Mkono wangu ni mzito, herufi zangu zinasimama kama miguu ya benchi, kila moja na upana wake. Akaiweka karatasi kando ya kijitabu. Akasogeza miwani. Akaitoa kabisa.

"Na nukta umesahau tena," akasema taratibu. Kisha akaniuliza, "Uliacha shule darasa la ngapi?"

"La sita."

"Kwa nini?"

"Baba aliumia mkono. Karakana ilitaka mikono miwili."

Akavaa miwani yake tena. Binti yangu alikuwa ananitazama, kwani hata yeye hilo nilikuwa sijawahi kumwambia. Hakuwahi kuuliza.

Mwenyekiti hakuwa na muda wa mikono ya baba yangu. "Kwa hiyo sasa nina makosa mawili badala ya moja! Gundi gani hiyo ya kukaa saa tatu?"

"Kikalie uone."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Akainuka na tumbo lake, akakizunguka kiti kama anayekagua ng'ombe, akakikalia. Akayumba kushoto. Akayumba kulia. Akainua miguu yote miwili juu kama mtoto kwenye bembea.

Kiti hakikulia hata kidogo.

"Hm," akasema. Akayumba tena, safari hii kwa raha zake. "Ofisini kwangu sina kiti cha namna hii."

Nikaona uso wa Bi Nukta umelegea. Walinong'onezana. Mwenyekiti akazungumza akiwa bado juu ya 0417, na nadhani kiti kile ndicho kilichomlainisha.

"Kamati inaona hivi. Binti alifanya mtihani wake mwenyewe, vibaya, lakini mwenyewe. Hakumtuma mtu. Baba alikuwa kazini, akazidisha kazi. Vijitabu vyote viwili vinafutwa, binti anafanya upya baada ya wiki mbili. Fundi anapewa onyo la maandishi."

"Na atanisaidia kusahihisha swali la tatu," Bi Nukta akasema, na sikujua kama ni utani.

Binti yangu akanikamata mkono. Mbele za watu! Yule yule aliyejificha kwenye nguzo. "Baba," akanong'ona, "nitakapofanya upya, kiti changu usikiguse."

"Sikigusi."

"Hata kikianguka."

"Hata kikianguka nawe ndani yake."

Nilikuwa nimeshakiinua begani. Naapa, mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya mlango. Karani wa ofisi ya mitihani akanipita mbio, karatasi kifuani.

"Mwenyekiti, samahani. Kuna kingine."

"Kingine nini?"

"Kijitabu. Cha 0417. Hakikuwa kwenye rundo. Kiliwekwa kando kwa ajili ya zawadi, maana ndicho kilichoongoza darasa zima. Alama themanini na moja."

Nilirudisha mguu ndani. Nikakishusha kiti.

Bi Nukta akakipokea, akakifungua, akaweka kidole kwenye mstari, akaupitisha mpaka mwisho. "Nukta zote zipo," akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mzimu. "Hiki nilikisahihisha mimi. Nilikipenda hiki."

Mwenyekiti akatutazama, mimi na binti yangu, mmoja mmoja, kama anayetuhesabu.

"Familia hii," akasema, "mko wangapi?"

"Sisi wawili tu tulikuwa ukumbini," binti yangu akasema. "Haki ya Mungu."

"Fundi, njoo. Unautambua mwandiko huu?"

Nilisogea. Nikainama. Herufi zilikuwa za duara, safi, zimelala kidogo upande wa kulia, na kila mkia wa herufi umekunjwa juu kwa madaha. Kwenye pembe ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na alama nyeusi, ndogo, kama ya kidole chenye masizi ya pasi ya mkaa.

Mwandiko ule nausoma kila Jumamosi. Umebandikwa kwenye mlango wa jiko letu. Sabuni, chumvi, kiberiti, na chini yake, usisahau tena.

Nikakumbuka kikebe cha kalamu. Nikakumbuka mtu anahema getini. Mlinzi wa getini ni rafiki yangu na anaijua familia yangu yote. Huwakagua kwa kutikisa kichwa. Nikakumbuka kwamba siku ile mke wangu alirudi nyumbani saa saba mchana, akasema foleni ya sabuni ilikuwa ndefu, na sabuni hakuleta.

"Fundi, nakuuliza. Unautambua?"

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa saa tatu. Na kabla ya hapo hakuna aliyesamehewa. Funguo."

Hadi natoka kwenye chumba kile, hesabu ilisimama hivi. Msamaha mmoja, ulidumu dakika nne. Funguo za karakana kumi na moja, zimo kwenye droo ya mwenyekiti. Kiti kimoja kizima, kimefungiwa kabatini kama mshtakiwa. Nafasi ya binti yangu chuoni, imesimamishwa siku nne. Alama: mtoto thelathini na nne, mimi sitini na mbili.

Themanini na moja alikuwa nyumbani, anapiga pasi.